Ile Siku Machini Iliniuliza Kama Naamini

Kapata, Kolwezi

Yaya wangu Raphaël,

Mbele ya kusoma, geuza bahasha uangalie ile gundi. Niliipaka mi mwenyewe, kiisha juu ya gundi nikapitisha kalamu nyekundu. Kama mustari umekatika, ujue ule mama wa mafuta ya mawese mwenye amekuletea barua aliifungua mu treni, na usimupe hata maji. Kama mustari uko muzima, mupe bukari na samaki, na umuambie mudogo wako wa Kolwezi anamushukuru sana.

Jambo yenu bote mu nyumba. Mumeamka muzuri? Muguu wako unaendelea namuna gani? Uliniambia ku simu kama umerudilia kazi ya shamba, lakini sauti yako ilikuwa ya mutu mwenye hataki kuulizwa, kwa hiyo nauliza. Na presha ya bibi yako? Anakunywa dawa, ao anaificha ndani ya kopo ya chumvi kama ile mara nilikuja? Maji ya muto yamepanda? Hapa mi na Clarisse tuko bazima, tunashukuru Mungu. Mugongo tu njo unanisumbua, juu naikala ku kiti siku nzima nikipigia bantu makaratasi yao ku machini. Hiyo sekretaria yangu ya baraza, yenye uliicheka ulipokuja, njo inatulisha.

Sasa habari. Balipiga rangi ku nyumba yangu.

Uliona Kapata mwenyewe ulipokuja ku matanga ya marehemu bwana yangu: nyumba za kompani ya zamani, zote sura moja, mistari kwa mistari. Sasa kuko sosiete ya migodi (jina siandike, karatasi ina miguu) inasema chini ya avenue yetu kuko shaba na kobalti, na bantu batoke. Balianza na bachimbaji. Bapolisi balikuja asubuhi, bakabafukuza ku mashimo, kila mutu na koleo yake ku bega. Kiisha bakavunja vibanda upande wa Musonoi. Sasa ni zamu ya manyumba. Nyumba yenye itavunjwa inapigwa alama nyekundu pembeni ya dirisha, na yangu inayo. Banasema mwenye nyumba atapewa nyumba ingine, mbali, upande wa barabara ya Kasaji. Mwenye nyumba ni mutu moja tu kwa kila nyumba, yule mwenye jina yake itaandikwa mu dosie.

Yaya, tangu hiyo rangi ifike, Kapata imejaa benye nyumba. Batoto benye hatukusikia habari yao wameshuka kutoka Likasi na masanduku. Bashemeji benye tulijua walikufa wamefufuka. Mi nikajiambia: Bernadette, fungua macho, hii nyumba watakuja kuitafuta.

Unajua ni yangu kwa haki. Kompani iliposhindwa kulipa mishahara, ikaanguka, iliachia bafanyakazi manyumba, na bwana yangu alifia ndani ya hii. Unajua pia namuna tuliingia. Ile miaka ya kufukuza bantu ya Kasai, kubapakiza mu treni barudi kwao, kompani ilitupa nyumba tupu, mi bibi-arusi, nimetoka kwetu Kongolo na kikapu moja. Hatukufukuza mutu. Njo hivyo nasemaka, na njo hivyo ilikuwa.

Basi, sikia ya machini.

Ile ordinateri yangu ya kubeba iliingiwa na virusi. Nikaipeleka kwa fundi moja wa mujini, pale karibu na soko, akafuta yote, akaingiza sisteme mupya. Unajua hapa kwetu hatupeleke kitu kwa fundi bila kutia alama. Ni bachimbaji njo balitufundisha: mutu anafunga gunia yake na fundo yake mwenyewe, akifika ku depo ya kuuzia madini anaikala juu ya gunia mpaka ipimwe, juu bale banabadilishaka. Kwa hiyo nilichukua verni, ile rangi ya kucha ya Clarisse, nikaweka tone juu ya kila skrubu chini ya machini. Clarisse alicheka mpaka akaikala chini. Nikamuambia, cheka, utaona.

Aliona. Machini iliporudi, verni ya skrubu moja ilikuwa imekwanguliwa. Na kile kibao cha kidole, kile cha chini ya herufi za klaviye chenye kinaendesha mushale, kilikuwa kimeharibika. Mushale ulienda, ndiyo, lakini nikigonga na kidole, hakuna kitu. Nikipeleka vidole viwili ili ukurasa ushuke, hakuna kitu. Mubaya zaidi, kila mara kiganja changu kiligusa pale wakati naandika, mushale uliruka mahali pengine, na maneno yakaenda kuingia mu mustari ya watu wengine. Ni wakati wa dosie, yaya! Bantu banapanga foleni ku baraza wakitaka karatasi ya kupeleka kwa sosiete. Tata moja wa avenue ya nyuma alisoma dosie yake kwa sauti mbele ya bote, akakuta anaishi na bibi ya jirani yake na batoto yao wane. Bote bakacheka, isipokuwa jirani.

Nilishika moto, ile pikipiki ya kukodi, na kurudi kwa ule fundi wa mujini.

"Rudisha kibao changu," nikamuambia. "Umetoa cha kweli, umeniwekea cha machini yenye ilikufa."

"Mama, siibe vibao. Nilifungua tu kupanguza vumbi. Inakosa piloti."

"Piloti gani? Hii ni ndege?"

Akaapa kwa mama yake, akaapa kwa batoto yake. Mi mutu akiapa sana naongeza mashaka. Nikabeba machini yangu, nikamuacha pale anaita mbingu kuwa shahidi.

Clarisse njo alimupata mwingine. "Mama, kuko fundi moja, Faustin, iko na kibanda Musonoi. Anatengeneza masimu na maordinateri. Bantu banamusifu." Nikasema sawa, lakini aje kufanya kazi hapa mu nyumba, mbele ya macho yangu, mukono yake nauona. Sikumbuke tena nani alikataa kwanza. Najua tu ni mi njo nilimulazimisha aingie ndani ya hii nyumba. Yeye alitaka nimupelekee.

Akaja. Mwanaume wa makamo, ndevu zimeanza kuwa nyeupe kidogo, shati imepigwa pasi. Alisalimia muzuri, akavua kofia. Alisimama ku baraza muda kidogo bila kuingia, mi nikafikiri ni adabu. Nikamuweka ku meza, nikaikala mbele yake, magoti yetu karibu yagusane.

Alifungua machini, akanionyesha ndani. "Angalia mwenyewe, mama. Kibao ni cha fabrike, cha kiwanda. Namba yake na ya machini ni ndugu. Hakuna mutu aliyekigusa."

"Basi juu ya nini hakifanye kazi?"

"Juu machini haikijue. Piloti ni kaprogramu kadogo kenye kanaambia machini: hiki kibao ni cha namuna hii, vidole viwili maana yake ni hii, kiganja usikisikilize. Ule alifuta sisteme, akaacha machini ijitafutie. Ikakipa piloti ya watu bote, ile ya souris, kipanya cha kawaida. Kwa hiyo kinaendesha mushale tu, mengine kimesahau."

Alisema polepole, bila kuapa. Hiyo ilinipendeza, na juu ilinipendeza nikaanza kumuangalia zaidi. Akaandika namba za chini ya machini, akasema atatafuta piloti ya ile aina kabisa, arudi nayo ku flashi, juu rezo ya simu ya hapa itamaliza mega zote kabla ishuke. Kiisha akasema, "Mama, naenda kunawa mikono," akasimama, akapita jikoni, akatoka nyuma.

Yaya, sikia hii. Wewe mwenyewe ulijikwaa ku ile ngazi ya jikoni kila siku ya matanga, ukailaani. Kila mugeni anajikwaa, juu iko mu giza na haina maana. Huyu aliinua muguu na kuivuka bila kuangalia chini. Na robine ya nyuma, yenye imejificha nyuma ya ukuta ya choo, hakuuliza iko wapi. Nikasikia maji yanatoka.

"Clarisse," nikasema kwa sauti ya chini, "ulimuonyesha robine?"

"Hapana, mama."

"Basi nani alimuonyesha?"

Clarisse akainua mabega. Batoto ya siku hizi hawaogope kitu. Mi sikulala muzuri. Nilijisemea: huyu ni mutu wa sosiete, ametumwa kupima nyumba. Ao ametumwa na wale wa Likasi. Ao alikuja kuiba zamani. Nikahesabu sufuria zangu, zote zilikuwako, na hiyo pia ikanitia mashaka.

Aliporudi na flashi yake, nilikuwa nimeweka kiti juu ya ile ngazi ya jikoni, ili nione atafanya nini. Alipopita kunawa mikono, akakisogeza pembeni kwa adabu, akakirudisha mahali pake ku meza. Basi akaanza kazi. Kwanza alifinya ile programu yenyewe ijiingize. Machini ikakataa, ikasema hii haikutengenezwa kwa ajili yake.

"Uongo," akasema Faustin. "Ni yake. Inaongopa tu. Tutaiingiza na mukono."

Akafungua mahali penye kuko majina ya bitu byote bya ndani ya machini, kimoja chini ya kingine, kama bantu ku foleni. Akatafuta kibao, akafungua jina yake, akaiambia machini usitafute mwenyewe, mi nitakuonyesha. Akaielekeza ku flashi, ndani ya kafolda, ku kale kafaili kenyewe. Nilifuata kila kitu na macho. Kiisha katikati ya kioo cha ekrani kukatokea dirisha jekundu. Machini inasema kama haiwezi kujua nani alitengeneza hii piloti, haina alama ya kuaminika. Inauliza: endelea, ao acha?

Faustin akatoa mikono ku klaviye, akaiweka juu ya magoti.

"Ni machini yako, mama. Finya weye mwenyewe."

"Hii inataka kusema nini?"

"Inauliza kama unamuamini mwenye ameleta."

Kidole changu kilikuwa tayari hewani. Nikakirudisha. Nikamuangalia uso kwa uso, nikauliza kile chenye kilikuwa kinanichoma tangu robine.

"Faustin, weye ni mutoto wa nani?"

Hakukimbia na macho. "Baba yangu alikuwa fundi wa umeme ku kompani. Tulikuwa tunaikala hapa."

"Hapa Kapata?"

"Hapa, mama. Mu hii nyumba. Nilizaliwa mu kile chumba chenye pazia ya kijani. Nilikuwa mudogo walipotupeleka ku stasheni."

Sikumupigia kelele. Nilisema tu, "Acha vile ilivyo. Toka." Akasimama, akachukua kofia yake, akaacha flashi imechomekwa mu machini, akatoka. Clarisse akaanza kulia, akaniambia nina moyo ya jiwe. Nikamuambia afunge mudomo, hajue kitu, hii ni mambo ya nyumba, na nyumba ni ya kumuachia yeye!

Ile dirisha jekundu ilibaki ku ekrani. Endelea, ao acha. Niliogopa kufinya endelea, na kufinya acha nilishindwa vilevile. Nikaacha machini mu kuran ya umeme, nikaifunika na kitenge kama maiti, juu sikutaka kuisoma. Bantu bakaja na dosie zao, nikabaambia machini ni mugonjwa. Tata wa avenue ya nyuma akasema, "Mama Clarisse, bale ba sosiete banakuja kuokota dosie wiki ijayo. Mutu bila dosie atalala wapi?" Nilimujibu vibaya. Alikuwa na haki.

Mi kichwa yangu ilikuwa inafanya kazi moja tu. Nilijiuliza: kama anataka nyumba, juu ya nini aliniambia? Mwizi hasemi jina yake ku mulango. Kiisha nikajijibu: labda njo ujanja wenyewe, anasema mapema ili nimuonee huruma. Kiisha nikajiuliza tena: na kama dosie yake iko tayari kwa mutu mwingine, imebakia tu kujua vyumba ni vingapi? Nikazunguka hivyo mpaka kichwa kikauma. Mwisho nikachoka, yaya. Nilichoka na mi mwenyewe. Nikavaa kitenge ya kutoka, nikapanda moto mpaka Musonoi.

Nilikuta kibanda hakiko. Kuko tu mbao, mabati yamepindwa, na Faustin anaokota vitu vyake vidogo ku vumbi, anaweka mu bidon. Katerpila ya sosiete, ile machini ya kuvunja, ilikuwa imepita.

"Njoo umalize kazi," nikamuambia.

Akaja. Dirisha ilikuwa bado pale. Nikaikala, nikaomba Baba Yetu nusu, nikafinya endelea. Ekrani ikawa nyeusi. Nikafikiri, njo hivyo, ameniua. Kiisha machini ikaamka. Faustin akasema, "Jaribu." Nikagonga na kidole, ikasikia. Nikashusha vidole viwili, ukurasa ukashuka polepole, muzuri, kama pazia. Nikaweka kiganja chote juu ya kibao na kuandika jina yangu, Bernadette, na mushale haukutikisika hata kidogo. Nilipiga vigelegele, yaya, mi mujane wa umri wangu, jirani bakatoka nje kuuliza kama Clarisse ameposwa.

Lakini unanijua. Furaha haikunifunga macho. Nilimutuma Clarisse kununua soda, kiisha nikamuuliza Faustin waziwazi:

"Unataka nyumba?"

"Nyumba gani, mama? Hii yenye inaenda kuvunjwa?"

"Ile ya kubadilisha. Kule barabara ya Kasaji."

Akatikisa kichwa. "Sina karatasi. Baba yangu alikufa ku njia, karatasi zilikuwa mu koti yake, koti hatujui ilienda wapi. Niko na picha moja tu."

Picha! Masikio yangu yakasimama. Nikasema nionyeshe, iweke mu machini yangu, nataka kuiona muzuri. Akaitoa ku simu, akaiweka. Picha ya zamani yenye ilipigwa tena na simu: baba, mama, batoto, bamesimama mbele ya nyumba, bamevaa ya kwenda misa. Ilikuwa ndogo. Faustin akanifundisha kupanua vidole viwili juu ya kibao, na picha ikakua. Nikapanua, nikapanua. Nilikuwa natafuta uongo, nakuambia kweli. Nilitafuta kama ni nyumba ya avenue ingine, juu zote ni sura moja. Nikafika ku mulango. Ubao wa chini uko na ufa wenye umepinda kama muguu wa kuku. Niliinua macho, nikaangalia mulango wangu wa mbele. Ufa ule ule. Bwana yangu aliupaka rangi kila mara, na kila mara ulirudi.

Nikaogopa. Hiyo picha ingetosha kunipeleka kwa shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa. Na machini yangu mwenyewe, yenye nilimupa atengeneze, njo ilinionyesha.

"Mama yangu anaomba kitu moja," akasema Faustin. "Anataka kukusalimia."

"Iko wapi?"

"Mwene-Ditu, kule Kasai."

Akapiga simu, akanipa. Sauti ya mama muzee, nzito kidogo. Kiswahili yake, yaya, ni ya hapa kabisa, ya Kolwezi kuliko yangu. Alizaliwa hapa. Mi njo nilikuja.

"Jambo mama. Ni mama wa nyumba?"

"Ni mi," nikajibu. Kiisha nikasikia haya, juu hakuna mutu aliyeniambia ni nani kati yetu njo mama wa nyumba.

"Mulango wa mbele unalia bado ukiufungua?"

"Unalia, mama. Kila asubuhi."

Akacheka. "Bwana yangu alisemaka atautia mafuta jumapili. Nyumba inasimama?"

Nilitaka kusema inasimama na kukata. Lakini nikamuambia. Nikamuambia rangi nyekundu, sosiete, kobalti, dosie. Nikamaliza. Nikasema alo, alo.

"Basi na ninyi," akasema. "Pole, mama. Pole sana."

Niliitega ile pole masikio kama mutu anapima gunia ku depo. Nilitafuta kicheko ndani yake, ao sumu. Nilikuwa na haki ya kutafuta. Kama ni mi, ningeweka sumu. Sikukuta. Akaendelea, haraka, kama mutu anamupa jirani habari ya soko:

"Sikia, mama. Habatakuambia siku. Batakuja asubuhi. Sahani ufunge sasa, si ile siku. Na milango uitoe mapema. Mi nilikuwa mujinga, nilifunga muzuri, nikabeba funguo ndani ya kitenge mpaka huku. Iko hapa ku musumari. Inafungua nini? Ule ubao ni wa kompani ya zamani, hautapata mwingine. Beba mulango."

Nikasema ndiyo mama, aksanti mama. Nikarudisha simu. Nilitoka nyuma, nikaikala juu ya ndoo, nikalia mpaka Clarisse akarudi na soda.

Sasa ujue mambo yenye nilifanya. Dosie yangu niliipiga, jina ni yangu, sitadanganya kama niliandika ya mwingine. Nilipiga na za avenue nzima, na hakuna tata mwenye alihamia kwa bibi ya jirani. Mulango wa nyuma na wa chumba tumeshatoa, Clarisse na mi, tumeifunga pamoja na kamba. Kama ile nyumba ya barabara ya Kasaji itakuwa uongo, na mi nafikiri itakuwa uongo, tutakuja nayo Kongolo. Niambie bila kuficha kama mahali iko kwako. Usiseme ndiyo ya adabu. Ukisema hapana nitakasirika, lakini nitajua.

Faustin anarudi kwa mama yake, juu kibanda hakiko tena. Mulango wa mbele nimesema achukue yeye, aupeleke Mwene-Ditu. Clarisse ananiambia, "Mama, weye mwenye unatia verni ku skrubu, unatoa mulango kwa mutu? Mulango ukitoka hapa bale ba sosiete watasema hii si nyumba ya mutu." Nikamuambia dosie iko na muhuri.

Nisalimie bibi yako, na umuambie dawa si ya kukaa mu chumvi. Nisalimie mujomba wetu wa katekisimo, mwenye alinifundisha kusoma na fimbo. Nisalimie mama mudogo wa sokoni, deni yangu ya kitenge naikumbuka. Nisalimie mutoto wako wa kwanza na bwana yake, na yule bibi wa kanisa mwenye anaimba mbele ya wengine bote. Na ufike ku makaburi ya wazazi, ung'oe majani kwa mukono yangu.

Nilitaka kufunga barua hapa, lakini Faustin amefika sasa hivi na kinga, baiskeli ya kukodi, kufunga mulango juu yake mpaka ku stasheni. Wameutoa, yeye na Clarisse. Ulilia mara ya mwisho ukitoka ku bawaba, sauti ile ile. Umelala juu ya baiskeli, rangi ya bwana yangu upande moja na vumbi ya Kapata upande mwingine. Nilimufuata mpaka ku barabara, nikamunyoshea funguo yangu, nikamuambia chukua na hii, mulango bila funguo ni ubao tu.

Akairudisha mu mukono yangu. "Iweke, mama," akasema. "Mama yangu yake anayo."

Nimetundika kitenge pale mulango ulikuwa. Machini nalala nayo chini ya kitanda, usinicheke. Ukikuja mbele katerpila haijafika, usipige hodi. Pita tu.

Mudogo wako mwenye anakupenda,

Bernadette, mama wa Clarisse